Wasichana nao wapewe kijiwe

Wazazi wa Mbagala, Dar es Salaam, huniletea hofu mbili zinazogongana. Anakuja mama, anafunga mlango wa ofisi, ananong'ona kwamba binti yake ameonekana akiongea na mvulana karibu na duka la vocha, anaomba nimkanye. Wiki haijaisha anakuja baba, analalamika kwamba kijana wake hana kampani nyingine zaidi ya wavulana wenzake, wanashinda kijiweni mpaka usiku, na ana uhakika wanaharibiana. Wa kwanza anaogopa watoto wakichanganyika, wa pili anaogopa wakijitenga. Mimi ni mwalimu wa jiografia na mwalimu wa malezi katika shule ya kata. Nimekaa na watoto wa umri huu muda mrefu kuliko nilivyokaa na watoto wangu wa kuzaa, na nina neno kwa wazazi hawa wote wawili.

Tuanze na yanayoonekana kwa macho. Kengele ya chai inalia saa nne na nusu. Wanafunzi wanamwagika kutoka madarasani wamechanganyikana, kwa sababu mlango ni mmoja, lakini foleni ya mihogo haijakaa sawa tayari wameshajigawa. Wasichana wako kwenye ngazi na chini ya mwarobaini, watatu watatu, wanne wanne, magoti yamegusana, pakiti moja ya ubuyu inazunguka. Mmoja anamrekebishia mwenzake pini ya hijabu na maongezi hayakatiki. Wavulana wako nyuma ya vyoo na mpira wa makaratasi uliofungwa kwa nailoni, kundi kubwa, kelele zao tunazisikia ofisini. Mvulana akitaka kuvuka kwenda upande wa ngazi, anakwenda na daftari mkononi. Hata kama hana swali lolote la kuuliza, daftari lazima liwepo, maana asiyekuwa na daftari atahojiwa na wenzake alifuata nini kule.

Hali hiyo ni ya kawaida kwa umri wao, na ilianza muda mrefu kabla mzazi hajaigundua. Wanasaikolojia wa Marekani Eleanor Maccoby na Carol Jacklin, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1987, waliwatazama watoto wadogo wakicheza. Wakiwa na miaka 4 na nusu, muda waliocheza na wa jinsia yao ulikuwa kama mara 3 ya ule waliocheza na jinsia nyingine. Walipofika miaka 6 na nusu ulikuwa mara 11. Na hapo walikuwa wakichagua wenyewe wa kucheza nao. Maelezo ya Maccoby ni kwamba wavulana wengi hupenda kukimbizana, kuangushana na kushindana, wasichana wengi huchoshwa na vurugu hizo, na zaidi ya yote msichana anagundua mapema kwamba akimwomba mvulana jambo kwa maneno, mara nyingi hasikilizwi. Basi kila mmoja anakwenda anakosikilizwa.

Hayo ni ya utotoni. Kwa vijana, Dexter Dunphy aliandika mwaka 1963 kuhusu makundi ya vijana wa mji wa Sydney, Australia. Aliona wanaanza na vikundi vidogo vya jinsia moja, kisha kikundi cha wavulana na kikundi cha wasichana vinakaribiana vikiwa vikundi, na baadaye sana ndipo wanachanganyika mmoja mmoja. Nami nimeyaona hayo hayo bila kwenda Sydney. Kidato cha kwanza hawasalimiani. Kidato cha tatu wasichana watatu wanasimama getini na wavulana wanne wanasimama ng'ambo ya barabara, na wanarushiana maneno kundi kwa kundi, hakuna anayethubutu kusema peke yake. Kidato cha nne wanakaa meza moja wakijadili maswali ya mtihani uliopita. Kundi la jinsia moja ndilo lililowapa ujasiri wa kuvuka barabara.

Ila maumbile hayaelezi yote. Msosholojia Barrie Thorne alikaa kwenye shule za msingi za California na Michigan, na katika kitabu chake cha mwaka 1993 alieleza kwamba watoto hujitenga zaidi kwenye uwanja wa shule kuliko wanavyojitenga mtaani kwao. Mtaani wenzako ni wachache, unacheza na aliyepo. Shuleni wapo wengi wa kuchagua, na yapo macho mengi. Mbagala ni hivyo hivyo. Umeme ukikatika usiku, watoto wa nyumba tatu nne wanacheza kombolela pamoja, wakubwa kwa wadogo, wa kike kwa wa kiume, na hakuna anayejali nani kajificha wapi na nani. Asubuhi watoto hao hao wanapitana kwenye geti la shule bila salamu. Msichana akimwazima mvulana rula, darasa linaguna. Mtu wa dawati la nyuma anayataja majina yao mawili kwa pamoja, basi, wiki nzima hawataangaliana. Kicheko cha darasa kina nguvu kuliko kanuni zote tulizobandika ukutani.

Nasi walimu tunachangia. Mstarini tunawapanga mistari miwili, wavulana huku, wasichana kule. Kwenye chemsha bongo tunatangaza wavulana dhidi ya wasichana, ili kipindi kichangamke. Tunawaambia kila siku kwamba wao ni timu mbili, halafu tunashangaa wakicheza kama timu mbili.

Pamoja na hayo, sitaki mtu ayadharau makundi haya, kwa sababu nimeona yanachofanya. Siku moja niliingia kidato cha pili, kipindi cha mwisho, darasa likasimama kunisalimu, msichana mmoja akabaki amekaa. Kabla sijafungua kinywa, aliyekaa naye alishavua sweta. Wakamfunga kiunoni, mmoja akatangulia, wawili wakamfuata nyuma wakiwa wamebanana, wakatoka. Dakika chache baadaye mmoja alirudi na kitambaa kilicholowa, akafuta kiti bila haraka, akaja mezani kwangu akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwalimu, anaumwa tumbo." Wavulana wawili watatu walikuwa wameelewa, wakainamisha vichwa kwenye madaftari. Yule binti alikuwa na miaka 14 hivi. Mwambie achague kati ya kukaa na wale watatu na kukaa na mtu mwingine yeyote duniani, utapata jibu la kwa nini wasichana wanakaa na wasichana.

Wavulana nao wana yao, ingawa hayaonekani upesi. Sauti ikikatika katikati ya kusoma kwa darasa zima, wanaocheka ni wengi, lakini wenzake wa kundi watacheka na kuyamaliza, maana zao nazo zinakatika. Wavulana huzungumza mambo mazito wakiwa na kitu mkononi. Kijana mmoja aliniambia kwamba rafiki yake alimsimulia kifo cha mama yake wakati wanarudisha cheni ya baiskeli iliyochomoka. Hawakuangaliana, alisema, na mikono ilikuwa imejaa grisi. Yeye mwenyewe ndipo alipomweleza kuhusu baba yake. Mazungumzo ya namna hiyo hayawezi kutokea mbele ya wasichana, kwa sababu mbele ya wasichana mvulana wa miaka 15 anajiona yuko jukwaani.

Kuna na suala la mwili. Wasichana huanza kubalehe mapema kuliko wavulana, kwa mwaka 1 hadi 2. Kwa hiyo kidato cha kwanza nina msichana mrefu, ana mawazo ya kutisha kuhusu maisha yake, amekaa dawati moja na mvulana ambaye bado anaficha gololi mfukoni. Rejista inasema wana umri mmoja. Watazungumza nini?

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Sababu zote hizo, za maumbile, za kicheko na za mwili, zinagusa pande mbili kwa usawa, au karibu na usawa. Ipo moja isiyo na usawa hata kidogo, nayo ni kazi.

Kengele ya usafi inalia. Wavulana wanapanga madawati na kufyeka nyasi pale zilipo, wanamaliza, wanaondoka na mpira wao. Wasichana wanateka maji, wanadeki, wanasubiri sakafu ikauke ili wasiikanyage. Nyumbani ndiyo zaidi. Binti akifika anavua sare, anafua ya mdogo wake, anachota maji, anachambua mchele, anakaa kwenye genge mama aende msikitini au kikobani. Kaka yake anatumwa dukani, akirudi na sukari amemaliza wajibu wake wa siku. Saa kumi na moja jioni yuko kijiweni: ubao uliopigiliwa juu ya magogo mawili pembeni ya stendi ya bodaboda, au kwenye banda la gemu, au uwanjani kwenye chandimu. Ana mahali, ana saa zake, na mtaa mzima unajua kwamba pale ndipo anapopatikana.

Dada yake yuko wapi na rafiki zake? Niliwauliza wasichana swali hilo kwenye kipindi cha malezi, tukiwa wenyewe, mlango umefungwa: mkitoka shule mnakutana wapi? Walikaa kimya wakitazamana. Kisha mmoja akajibu, "Njiani." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Njiani kati ya shule na nyumbani, na kwenye foleni ya bomba, na kwenye njia ya tuisheni kwa wale ambao wazazi wanaimudu. Ndipo nikaelewa kwa nini wasichana wa shule wanatembea polepole vile barabarani, wameshikana mikono, wakati mwendo wa dakika ishirini wanaufanya dakika arobaini. Ule ndio muda wao wote. Mama akigundua, anaanza kuhesabu dakika: shule imefungwa saa tisa, wewe unafika saa kumi, ulikuwa wapi, na nani?

Wasichana watano wakisimama kwenye kona, kila mpita njia ana haki ya kuwauliza wanasengenya nini na kuwaambia waende nyumbani wakasaidie kazi. Wavulana watano kwenye kona ile ile hawaulizwi. Urafiki wa wavulana tunauita uvulana, urafiki wa wasichana tunauita umbea. Dhuluma hii ni ndogo kwa kuitazama, lakini inarudiwa kila jioni kwenye kila mtaa, na binti anajifunza kutoka kwayo kwamba kukaa tu na wenzake bila ndoo wala ungo ni kosa.

Kwamba kazi ndiyo inayowaumba, lipo somo kutoka jirani. Mwanaanthropolojia Carol Ember alifanya utafiti miongoni mwa Wajaluo wa magharibi ya Kenya, akauchapisha mwaka 1973. Katika familia ambazo hazikuwa na binti wa umri wa kusaidia, mama alilazimika kumpa mtoto wa kiume kazi za ndani ambazo kwa desturi zilikuwa za wasichana. Ember akalinganisha wavulana hao na wengine. Waliofanya kazi za ndani walikuwa na ugomvi mdogo, walijali zaidi wenzao, hawakudai sana kuhudumiwa. Wote walikuwa wavulana, wa kabila moja na mazingira yale yale. Kilichowatofautisha ni kile walichopewa kushika mikononi. Kwa hiyo mama anayeniambia "wavulana ndivyo walivyo" namwomba aangalie kwanza nani anaosha vyombo kwake.

Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, na kwetu kundi la vijana wa kiume lilikuwa na heshima yake ya pekee. Wazee wetu waliishi kwa vijiji vya rika. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini aliyekaa na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliviandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1951. Mvulana akifika miaka 10 au 11 aliacha kulala kwa baba yake. Yeye na wa rika lake walijenga vibanda vyao pembeni ya kijiji cha baba zao. Chakula walikwenda kula kwa mama zao, kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Heshima ilikuwa mojawapo ya sababu: haifai kijana anayekua asikie ya usiku ya wazazi wake. Mchana walichunga na kulima mashamba ya baba zao. Walijifunza pale kuzungumza, kugawana na kuvumiliana, na wakishaoa kibanda kile kiligeuka nyumba, na vibanda vile vikawa kijiji. Wazee hawakuwa mbali.

Lakini wasichana hawakuwa na kijiji. Binti aliishi kwa mama yake mpaka anaolewa, kisha alihamia kwenye kijiji cha rika la mumewe, kati ya wanawake ambao hakukua nao. Nalifikiria hilo kila nipitapo Rangi Tatu hapa Mbagala jioni na kuona ile mistari ya vijana wa kiume kwenye mabao yao. Tangu enzi za babu zetu rika la wavulana limepewa mahali, na rika la wasichana limepewa shughuli.

Pwani walikuwa na jibu lao. Mbagala imejaa Wazaramo, Wandengereko, Wamakonde na Wayao, na mpaka leo huwa nasikia ngoma za mwali. Binti akivunja ungo alikuwa na somo wake au kungwi, mwanamke anayejulikana kwa jina, mwenye kazi ya kumfundisha usafi wa mwili, adabu na mambo ya ndoa. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini kwao aliheshimiwa pia kama kungwi wa unyago. Wavulana nao walikuwa na jando, wakaingia kundi na kutoka kundi, wakiwa na wakubwa wao.

Sisemi turudishe yote. Mafunzo mengine ya unyago yalimwandaa mtoto wa miaka 12 kwa mume, na hilo nalipinga. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Hapo sina mjadala. Ninachokililia ni kitu kimoja tu cha ile desturi: kundi la vijana lilikuwa na mtu mzima wake. Leo tohara inafanywa hospitali, mtoto mara nyingi akiwa mdogo hata hakumbuki, anapewa dawa ya maumivu, anarudi nyumbani. Kukata kumebaki, kufundisha kumekwenda. Na unyago kwa wengi umebaki sherehe ya usiku mmoja yenye muziki mkubwa na kadi za michango.

Ndiyo maana malalamiko ya yule baba nayachukulia kwa uzito. Amekosea kudhani tatizo ni wavulana kukaa na wavulana. Tatizo ni kwamba mkubwa wa kijiwe chao ni kijana wa miaka 22 aliyekata tamaa, na mwalimu wao wa mambo ya mwili ni simu yenye video chafu inayopitishwa mkono kwa mkono. Mazungumzo ya jioni ni mikeka ya kubeti. Mvulana anayeota ndoto nyevu kwa mara ya kwanza anaamka akidhani ni mgonjwa, na hana wa kumuuliza. Msichana walau ana matroni, ana mwalimu wa kike wa kumnong'oneza. Nimewaomba walimu wenzangu wa kiume mara nyingi wakae na wavulana nusu saa tu kwa wiki, si kwa fimbo, kwa mazungumzo. Wengi wananijibu kwamba wavulana watajua wenyewe. Wanajua kweli, kutoka kijiweni.

Nimrudie na yule mama. Hofu yake naielewa, kwa kuwa sisi wote tumeona binti akikatishwa masomo kwa mimba, na ni Novemba 2021 tu ndipo serikali ilipowafungulia mlango wa kurudi shuleni baada ya kujifungua. Lakini hofu hiyo tumeielekeza pasipo mahali pake. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016 ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, na ukiwasikiliza wasichana wenyewe wakisema wanaogopa nini, hawatamtaja mvulana wa dawati la pili mwenye daftari. Watakutajia mtu wa lifti, mtu wa chipsi, baba mwenye gari anayepunguza mwendo karibu nao saa kumi na mbili jioni wakitoka tuisheni. Sisi tunamchapa binti kwa kuazima rula, na yule mwenye gari anapita salama.

Nasikitika kusema kwamba fimbo hiyo inafanya kazi, na hiyo ndiyo shida yake. Binti anajifunza kwamba kuongea na mvulana ni dhambi ya aina moja, iwe ni hesabu za logarithmu au ni mapenzi. Ikiwa vyote ni kosa moja, akianza kuongea ataongea kwa kificho, na akipata matatizo hatasema. Mvulana naye anajifunza kwamba msichana ni mtihani au mtego, hajifunzi kwamba ni mtu mwenye maoni kuhusu jiografia. Miaka michache mbele tunataka wawili hawa waoane, wafanye kazi ofisi moja, wakae baraza moja la kata.

Nimewaona wakichanganyika vizuri, na siku zote ilikuwa pale walipokuwa na kazi ya pamoja mbele yao. Kwaya ya vijana kanisani kwetu ni mfano. Sauti za kike zinakaa pamoja, besi na teno zinakaa nyuma, hakuna aliyewalazimisha kuchanganya viti, lakini wimbo ni mmoja, na wakikosea mwalimu wa kwaya anasimamisha wote. Wanasahihishana bila aibu, wanarudi nyumbani kundi moja wakiimba. Diskashen za kidato cha nne ni hivyo hivyo. Klabu ya mazingira shuleni kwetu ilipopanda mikoko kule upande wa pwani, nusu saa ya kwanza walikuwa mistari miwili, kisha tope likawafikia magotini, wakaanza kuvutana kutoka topeni, wa kike akimvuta wa kiume. Hakuna aliyeguna.

Wapo watakaoniambia dawa ni shule za jinsia moja. Sina ugomvi nazo. Msalato, Kilakala, Jangwani na Zanaki zimetoa wanawake tunaojivunia, na serikali imekuwa ikijenga shule za wasichana za sayansi mikoani. Kule msichana anashika darubini kwa sababu hakuna mvulana wa kuishika kabla yake, na kwenye zile za bweni kuna saa za jioni za kukaa na wenzake bila ndoo. Faida hiyo ya pili haitajwi sana, na mimi naiona kubwa kuliko ya kwanza. Ila walio wengi wanasoma shule za kata za kutwa, zile zilizoanza kujengwa kwa wingi kwa mpango wa mwaka 2004, wavulana na wasichana pamoja. Hao ndio wa kuwafikiria.

Kwa wakuu wa shule ombi langu ni dogo na halihitaji bajeti. Toeni darasa moja kwa wasichana baada ya masomo, mara moja au mbili kwa wiki, walimu wa kike wapokezane kukaa karibu bila kuwahutubia. Wasichana wacheze rede, wasukane, wacheke, wasifanye lolote. Mwalimu wa kiume afanye vivyo hivyo na wavulana, na mada asiichague yeye. Usafi wa darasa uwe wa zamu, wavulana washike mafagio na ndoo kama wenzao. Na rula iazimwe bila kesi.

Kwa wenyeviti wa mitaa: mnapogawa maeneo ya wazi, kumbukeni kwamba uwanja wa mpira ni wa watoto wa kiume peke yao saa zote tunazozijua. Wekeni saa za netiboli, wekeni na mabenchi mahali penye taa na penye watu wazima wanaoheshimika, wasichana waweze kukaa bila kupigiwa miluzi na waendesha bodaboda.

Na kwa yule mama aliyekuja ofisini kwangu, na wazazi wengine wenye hofu kama yake: Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili, binti yako asitumwe popote. Aende kwa rafiki zake, au rafiki zake waje uani kwako, nawe uwe ndani, usikie vicheko bila kuuliza wanacheka nini. Kazi atakayoiacha, mpe kaka yake aimalize.